Waya wa Kijani wa Mama Mkwe

Wenzake kazini walimwita Vikofia, na wala si kwa sababu alikuwa mtu wa kofia. Kichwa chake kilikaa wazi jua na mvua, na upara ulikuwa umeshaanza kujipimia kiwanja. Jina lilitokana na vile vifuniko vya plastiki, vidogo kama ncha ya kidole cha mtoto, vinavyovishwa mdomo wa waya wa faiba ili vumbi lisiingie. Mafundi wengi wakishavivua huvitupa popote. Yeye alivitia mfukoni. Ukimkuta mlangoni kwake anatafuta funguo, kwanza vitamwagika vikofia, halafu vikofia tena, ndipo funguo zijitokeze.

"Hata waya una uchi wake," alizoea kuwaambia. "Uvisheni."

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Dawa ya meno ikiachwa wazi, mtu haendi kulala. Kalamu isiyo na kifuniko inasomewa hotuba. Mkewe, ambaye tangu wajaliwe watoto wawili kwa mkupuo kila mtu alimwita Mama Pacha, alikuwa mwanamke mwepesi wa ulimi na mzito wa kukasirika. Siku moja aliwaambia wageni, "Mwenzenu huyu, nikifa leo, atanitafutia kifuniko kabla ya jeneza."

"Jeneza huja na kifuniko chake, Mama Pacha," akajibu mumewe bila kuacha kukoroga chai. "Upande huo sina wasiwasi kabisa."

Aliingia katika kazi ya faiba kwa mlango wa chini, na niseme hapo kwamba chini ni chini kweli: alianza ndani ya mtaro. Alikuwa kijana wa sururu na koleo, anachimba, wengine wanakuja nyuma yake kulaza bomba jeusi, wengine tena wanakuja kufukia. Kilichomsumbua ni bomba. Watu wanachimba namna hii, barabara inapasuliwa, madereva wanatukana, kumbe kuna nini humo ndani? Akamwuliza msimamizi, mzee mmoja aliyeitwa Bisibisi kwa jinsi alivyokuwa mwembamba. Bisibisi akachuna kipande cha waya, akampa uzi wa kioo mwembamba kama unywele.

"Mwanga unapita humu," akasema. "Mazungumzo yote ya watu, picha zao, ugomvi wao, vyote vinapita humu vikiwa mwanga."

"Ndani ya unywele?"

"Ndani ya unywele. Sasa rudi mtaroni."

Alirudi, lakini akili ilibaki juu. Mwisho Bisibisi akachoka na maswali, akampa mfuko wa konekta mbovu, zile ncha zinazofungwa kwenye waya ili uweze kuuchomeka mahali, akamwambia akachezee nyumbani. Alizichezea mpaka akazijua kwa tabia, kama mtu anavyowajua majirani.

Ile ya mraba, ambayo kwenye karatasi huandikwa SC, aliipenda kwa kuwa haina makuu. Unaisukuma, inalia ka!, yamekwisha. Ukitaka kuitoa, unaivuta. Ile ndogo, LC, ina ulimi mgongoni kama ule wa waya wa simu ya mezani. Hiyo ndiyo unayoichagua penye msongamano, kwenye makabati ya mitambo ambamo nyaya zimebanana kama meno. Ile ya parafujo, FC, ina polepole yake. Unaikaza mzunguko baada ya mzunguko, na ikishakaa haitikisiki hata mashine ingurume pembeni yake mchana kutwa, ila ukiwa na haraka nayo utajuta. Na ile ya kusukuma kisha kuzungusha, ST, kama balbu za zamani, ilikuwa imebaki kwenye majengo makongwe tu. Alipokutana nayo alikuwa akiiamkia.

Ukimwuliza ipi bora, alinuna. "Bora kwa nani? Kwanza kaangalie tundu lililoko ukutani. Mtu hanunui funguo kabla hajaona kufuli."

Baada ya umbo lilikuja jambo la uso, na hapo ndipo alipokuwa mkali. Ukiitazama ncha ya konekta kwa karibu utaona kijiti cheupe, na katikati ya kijiti ndimo unamoishia ule unywele wa kioo. Zenye rangi ya bluu, uso wa kijiti hicho umesuguliwa ukakaa wima. Zenye rangi ya kijani, uso umekatwa ukainama kidogo, makusudi, ili mwanga unaogonga na kutaka kurudi ulikotoka utupwe pembeni usilete usumbufu. Zote mbili ni nzuri. Ubaya ni kuzikutanisha. Na shetani wa jambo hili ni kwamba mwili ni ule ule: ukiichomeka ya kijani kwenye tundu la bluu inalia ka! kama kawaida, nawe unaondoka umeridhika. Kumbe ndani nyuso hazikugusana. Mmoja amesimama wima, mwenzake ameinamisha shavu, katikati pamebaki upenyo, na mwanga unamwagikia hapo.

"Kijani kwa kijani, bluu kwa bluu," alikuwa akiwaimbia mafundi wapya. "Ukichanganya, usiseme umefundishwa na mimi."

Sasa sikilizeni jinsi mtu huyu huyu, kwa mikono yake miwili, akiwa na akili zake timamu, alivyochomeka kijani kwenye bluu, kisha akasema asante.

Chanzo chake ni mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani. Si wa kubandika viraka, hapana, fundi ambaye mabibi harusi walimpangia foleni. Siku Vikofia alipopelekwa kwake mara ya kwanza kujitambulisha, akiwa kijana amevaa shati la kuazima, alikuta gauni jeupe limetundikwa ukutani likisubiri mwenyewe. Wazee wakaongea, yeye akatulia. Kisha pakatokea kimya, na kimya kile kikamwasha. Akataka aonekane na yeye ana jicho la ufundi. Akasema, "Mama, samahani, naona bega moja la hilo gauni limepanda kuliko lingine."

Mama akamtazama kuanzia viatu mpaka kola ya lile shati la watu.

"Mwenye gauni bega lake moja liko juu, baba," akasema. "Nimemshonea yeye. Sikuushonea ukuta."

Binti alitolewa, nashukuru Mungu, lakini mkwe alitoka pale ameapa moyoni: mwanamke yule hatamkosoa tena, iwe jua iwe mvua. Na kiapo alikitunza. Miaka ikapita, pacha wakazaliwa, wakaota meno, wakaanza shule, naye nyumbani kwa mama mkwe alijua maneno matatu tu: "Ndiyo mama," "Nzuri mama," na "Asante mama." Akipewa chai yenye tangawizi ya kuamsha mgonjwa, alikunywa machozi yakimlenga, akasema nzuri mama. Shemeji yake, kitinda mimba wa mama, aliyekuwa kinyozi na alikaa pale pale nyumbani, hakumwita kwa jina lingine ila Ndiyomama.

"Ndiyomama kaingia!" angepaza sauti akimwona getini. "Shemeji, leo utasema sentensi nzima au tukuletee kiti?"

"Wewe nyoa watu, shemeji. Masikio yao yako hatarini vya kutosha."

Basi, jengo alimokuwa na chumba chake cha kushonea mama likabomolewa, na miguu yake nayo ikawa haitaki tena ngazi. Watu wakadhani sasa atapumzika. Yeye hakujua neno hilo lina maana gani. Alikuwa amefundisha wasichana kushona maisha yake yote, na wengine, walipomsikia amebaki nyumbani, walimtafuta kwenye simu: mmoja mji huu, mwingine mji ule, mwingine kaolewa mbali. Mjukuu mmoja akamwambia, "Bibi, si uwafundishe kwenye skrini?" Akacheka kwanza. Kisha akaacha kucheka. Akatangaza darasa, Jumamosi mchana, somo la kwanza namna ya kuweka mkono wa blauzi, na wanafunzi wakajiandikisha wakajaa.

"Somo la kwanza ndilo watakalonipimia," alimwambia Mama Pacha. "Nikikwamakwama hapo, hawarudi. Na wasiporudi, mwanangu, nitakuwa bibi wa kushona vifungo vya mashati ya wajukuu. Hiyo kazi siitaki. Niambie ukweli, mume wako ataweza?"

"Mama, hiyo ndiyo kazi yake."

Kampuni ya intaneti ilikuwa imeshaleta faiba mpaka sebuleni, kwenye kisanduku kidogo ukutani chenye tundu la bluu. Kifaa chenyewe cha kurusha mtandao nacho tundu lake lilikuwa la bluu. Shida ni kwamba chumba cha cherehani kilikuwa upande wa pili wa ukumbi, na mama alitaka kifaa kikae huko, mkabala na meza ya kukatia. Kilichohitajika ni waya mmoja mrefu, wa kutoka ukutani hadi kwenye kifaa, wenye konekta ya mraba ya bluu huku na huku. Vikofia aliutafuta mwenyewe, akaukagua, akaufuta ncha, akauvisha vikofia, akautia mkobani.

Alipofika, mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake na bahasha mapajani, anatabasamu.

"Mkwe wangu, nimekupunguzia kazi," akasema. "Waya nimeshanunua."

Akautoa. Mrefu, mzuri, umekunjwa kwa adabu. Konekta za mraba pande zote mbili. Kijani.

"Nilimwambia muuzaji nataka wa faiba, wa mraba, mrefu," mama akaendelea, na uso wake ulikuwa na ile fahari ya mtu aliyejaribu kitu kipya akakiweza. "Akaniuliza, mama unataka wa rangi gani, ya bluu au ya kijani? Nikamwambia bluu ya nini, hukuona pazia langu?"

Na kweli pazia lilikuwa la kijani. Jamani, mtu ameshona nguo miaka yote hiyo, anaulizwa rangi, afanye nini? Alichagua rangi. Mkosaji alikuwa muuzaji, aliyeuza uso kana kwamba anauza koti. Lakini muuzaji hakuwepo. Aliyekuwepo ni mkwe, amesimama na mkoba, na ndani ya mkoba waya wa bluu umelala kimya kama mtu anayesikiliza kesi yake.

Shemeji akakohoa. "Ndiyomama, mbona umeganda? Hujaupenda?"

Vikofia akafungua mdomo. Aliona bega la gauni. Akaona yale macho yakipanda tena kutoka viatuni.

"Nzuri, mama," akasema. "Asante, mama."

Akapitisha waya ukumbini, akaubana vizuri chini ya ukuta, akachomeka kijani kwenye bluu ya ukutani. Ka! Akaenda chumbani, akachomeka kijani kwenye bluu ya kifaa. Ka! Kila mlio ulimwingia kwenye fizi kama barafu. Taa ikawaka, mama akapiga makofi. Alipokwisha kwenda kuleta chai, mkwe alichomoa waya upesi, akaweka kipimo chake cha mwanga. Mwanga ulikuwa unafika, ndiyo, ila ulifika umechoka, kama mgeni aliyetoka mbali kwa miguu bila kula. Kwa kutuma salamu ungetosha. Kwa picha ya mtu anayeweka mkono wa blauzi mbele ya darasa zima, alijua moyoni mwake jibu ni nini. Akarudisha waya, akanywa chai, akaaga.

Siku zilizofuata hakuwa mtu. Kazini alimfokea fundi mmoja kwa kuacha ncha wazi, kisha akanyamaza katikati ya sentensi, akaenda kukaa ndani ya gari. Jioni akaja na wazo ambalo mwenyewe aliliona la kipekee.

"Mama Pacha, una rangi ya kucha?"

"Ipo. Ya nini?"

"Ya kijani."

Mkewe akaweka chini daftari la mtoto alilokuwa akilikagua. "Baba Pacha, nikuulize kwa upole. Unaumwa, au una mtu?"

Ikabidi aeleze yote. Mpango wake ulikuwa huu: auchukue waya wa bluu, azipake konekta zake rangi ya kucha ya kijani, aende kwa mama kusalimia, avizie, abadilishe. Mama angeendelea kuona kijani chake, na mwanga ungeendelea kupita kwenye bluu yake, na heshima ya kila mtu ingebaki mezani.

Mama Pacha alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi, akafuta macho, na sasa hakuwa anacheka tena.

"Haya, umepaka. Umefaulu. Siku moja wewe hupo, kimeharibika kitu, anakuja fundi mwingine. Anaona kijani. Atafanya nini?"

Akafikiri. "Ataleta kijani."

"Kwa sababu nani kamfundisha kwamba rangi haidanganyi?"

Akaanza kuvipanga vikofia mezani, kimoja kimoja.

"Unamwogopa mama yangu kuliko unavyoipenda kazi yako," akasema mkewe. "Mimi mama yangu namjua. Atakung'ata, ndiyo. Lakini hang'ati mtu akafa. Mwambie."

"Nitamwambia Jumapili."

"Darasa ni Jumamosi!"

"Ndiyo maana nikasema Jumapili," akajibu, kwa sauti ndogo.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Ilikuwa shemeji, na hakuna utani ndani yake. Mama alikuwa amefanya majaribio na mwanafunzi mmoja. Kila alipoinua kitambaa kuonyesha mshono, picha iliganda, mkono uko juu, mdomo wazi, na sauti ikimfuata nyuma vipande vipande. Mwanafunzi alimwambia kwa heshima, "Mwalimu, labda tuahirishe." Tangu hapo mama alikuwa amekaa mbele ya cherehani, hazungumzi na mtu.

Walienda wote wawili, yeye na Mama Pacha. Walimkuta kama walivyoambiwa. Mezani blauzi ya mfano ilikuwa imekatwa tayari, vipande vimepangwa, pini ndani ya mto wake. Hata miwani ilikuwa imefutwa.

"Mkwe wangu," mama akasema bila kuinuka, "niambie kama ni mimi. Kama ni uzee, kuna mahali nabonyeza vibaya, niambie nijue. Nitawapigia wasichana niwaambie basi."

Hilo neno "basi" lilimkata. Alikuwa hajawahi kumsikia akilitumia.

Alianza kwa kusafisha, maana mafundi wote huanzia hapo, na woga pia huanzia hapo. Akachomoa waya ukutani, akachomoa kwenye kifaa, akatoa kile kitambaa chake kikavu kisichoacha nyuzi, akafuta ncha moja, akafuta nyingine, polepole kuliko ilivyohitajika. Mama akawa anamwangalia mikono. Kisha akanyoosha wake.

"Lete nione hicho unachokisugua."

"Ngoja kwanza, mama." Akahakikisha ncha zote mbili ziko nje. "Waya ukiwa umechomekwa, usiutazame mdomoni. Mwanga wake hauonekani lakini unaumiza jicho. Huu sasa hauna kitu."

Akampa. Mama akavuta droo, akatoa kioo chake cha kukuzia, kile alichotungia uzi kwenye sindano ndogo, akaigeuza ncha ile upande kwa upande dirishani. Shemeji alikuwa mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi, amemwacha mteja nje na nusu ya kichwa.

"Hiki kijiti cheupe," mama akasema. "Kimekatwa mshazari."

Vikofia akaanza kukunja kitambaa chake.

"Kimekatwa mshazari, nasema, mimi si kipofu. Zote ziko hivi?"

"Hapana, mama. Nyingine zimekatwa wima."

"Una ya wima hapo?"

Mkono wa Vikofia uliingia mkobani kabla yeye hajaamua, ukatoka na waya wa bluu. Mama akaushika sambamba na ule wa kijani chini ya kioo, akatazama huu, akatazama ule. Akageuka akatazama tundu la kifaa, bluu kama maji. Sasa fikirini: huyu ni mtu ambaye tangu usichana wake alijua kwamba kitambaa kilichokatwa mshazari ukikishona na kilichokatwa wima bila hesabu, kitavuta, kitajikunja, na mteja atarudi analia. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Hakuhitaji kuambiwa hata mara moja.

"Kwa hiyo hizi hazikutani," akasema.

"Hazikutani, mama."

"Na huo wa bluu ulikuwa mkobani tangu lini?"

Alitamani mtaro. Mtaro wake wa ujana, na watu wa kufukia wawe tayari. "Tangu siku ile, mama."

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Ukaniambia nzuri."

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

Mama akavua miwani. "Heshima!" akasema, na sauti sasa ilikuwa ile ya zamani, iliyowanyoosha wasichana vizazi viwili. "Ukiniona natoka nje, gauni limekamatwa nyuma kwenye nguo ya ndani, utasema nzuri mama? Utaniacha nifike sokoni? Heshima ya kuniacha niaibike mbele za watu, hiyo umeitoa wapi?"

"Mama, ile siku ya lile gauni jeupe, nilisema, na..."

"Gauni gani?"

Hakukumbuka. Enyi watu, hakukumbuka! Mkwe miaka yote hiyo ametembea na jiwe kifuani, kumbe aliyelirusha alishasahau siku ile ile. Ikabidi amsimulie: bega, ukuta, shati la kuazima. Mama alisikiliza, uso ukaanza kumchezacheza pembeni ya mdomo, kisha akaangua kicheko, akapiga paja.

"Kwa hilo? Kijana, pale ulikosea, nikakurekebisha, yakaisha. Mimi nimefumuliwa kazi na mwalimu wangu mpaka nikalia, kesho yake nikarudi kushona. Fundi akikosolewa hafi. Fundi anakufa akidanganywa." Akamtupia waya wa bluu. "Chomeka. Na huo wangu una kosa gani?"

"Hauna kosa lolote, mama. Ni mzuri kweli. Umepelekwa tu nyumba isiyo yake. Nikipata mahali penye tundu la kijani, utafanya kazi kuliko huu."

"Basi upeleke. Pazia litanisamehe."

Akalaza waya mpya ukumbini, mkewe akimshikia kona na kumbana ubavu kwa kiwiko kila alipopita. Ka! ukutani. Ka! kwenye kifaa. Safari hii mlio haukumuuma popote. Akaweka kipimo kabla ya kufunga, akatabasamu peke yake kama mtu aliyepokea salamu za nyumbani. Mwanga ulikuwa umefika umeoga, umekula.

Wakampigia yule mwanafunzi wa majaribio. Mama akainua kitambaa, akakigeuza, akakikunja, akakitikisa makusudi. "Mwalimu," sauti ikasema, "nakuona mpaka tundu la sindano."

Mama akajifanya anatafuta pini.

Ilibaki saa ya chai kabla ya darasa, na Vikofia, aliyekuwa amefunguliwa kinywa ghafla baada ya miaka, akawa kama bomba lililotolewa kizibo. Alisema stuli ya mama inayumba mguu mmoja. Alisema saa ya ukutani iko nyuma. Akasema taa ile ikihamishwa kushoto kivuli hakitaangukia kitambaa, na hilo walimsikiliza, wakaihamisha. Kisha akamgeukia shemeji, akamwambia mteja aliye nje ana upande mmoja mrefu, na upande wenyewe ni ule ulionyolewa.

"Mama, mfungeni!" shemeji akalia. "Tulikuwa tunakaa vizuri na Ndiyomama!"

Alipofikia kuonja chai na kufungua mdomo, mama mkwe aliinua kidole.

"Mkwe wangu. Nilikuomba useme. Sikukuomba usinyamaze."

Saa ya darasa ikafika. Nyuso zikajitokeza kwenye skrini moja baada ya nyingine, wengine na watoto mgongoni, mmoja na cherehani yake nyuma yake. Mama akasalimia, akaeleza, akashika kipande cha blauzi, akaanza kuonyesha jinsi kilele cha mkono kinavyotafuta mshono wa bega. Vidole vyake vilipita kwenye skrini laini, bila kuganda, bila kukatika. Mmoja aliomba arudie, akarudia. Mwingine akauliza pini ziwekwe huku au huku, akajibiwa, akasema aaah.

Vikofia alikuwa amekaa kizingitini, ndani kidogo, nje kidogo, karibu na kifaa ili azione taa zake. Aliona simu ya mama imeegemezwa kwenye kopo la vifungo, na kopo linateleza taratibu. Akainua mkono.

"Baadaye, mkwe," akasema mama bila kugeuza shingo, akalisukuma kopo kwa kiwiko likarudi mahali pake, sindano ikiwa bado mdomoni.

"Mwalimu," mwanafunzi mmoja akauliza, "huyo nani?"

"Ni mkwe wangu," akasema mama. "Amefunguka leo, mvumilieni. Haya, shikeni mikasi."